Seattle na Fort Worth: kwa nini majiji ya Marekani hayafanani kisiasa

Swali la msomaji: "Dada yangu anaishi Seattle na mjomba wetu anaishi Fort Worth, Texas. Wote wanafanya kazi hospitali, wote wako kwenye majiji makubwa, na majiji yote mawili yanatengeneza ndege. Dada anasema mtaani kwake mtu wa Trump humpati hata umtafute kwa tochi. Mjomba anasema kanisani kwake humpati mtu wa Democratic. Mimi nilidhani miji yote mikubwa ya Marekani ni ya mrengo wa kushoto. Ni nini hasa kinachofanya jiji moja liwe la kiliberali na jingine lisiwe?"

Jibu:

Ulichodhani kina ukweli mwingi, ila hakitoshi. Katika chaguzi za rais za miaka thelathini iliyopita kanuni moja inajirudia Marekani nzima: watu wanapozidi kusongamana, kura za chama cha Democratic, kilicho upande wa kushoto, nazo huzidi. Mwaka 2020 Joe Biden alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura za Washington, D.C., na takriban asilimia 85 za San Francisco. Hata Texas, jimbo ambalo mgombea urais wa Democratic hajalishinda tangu 1976, kaunti (yaani wilaya za jimbo) zenye majiji ya Houston, Dallas, Austin na San Antonio humpa yeye kura nyingi kuliko mpinzani wake.

Juu ya kanuni hiyo kuna tofauti kubwa kati ya jiji na jiji. Mwaka 2014 wanasayansi wa siasa Chris Tausanovitch na Christopher Warshaw walikusanya majibu ya kura nyingi za maoni, wakaipanga miji yenye watu zaidi ya 250,000 kwa misimamo ya wakazi wake. San Francisco ilikuwa ya kwanza upande wa kushoto, Seattle haikuwa mbali nayo, na karibu nao walikuwemo Detroit na Buffalo. Upande wa pili kabisa walikuwa Mesa ya Arizona, Oklahoma City, Virginia Beach, Colorado Springs na Jacksonville. Itazame orodha hiyo vizuri. Kileleni wamekaa pamoja matajiri wa San Francisco na maskini wa Detroit, kwa hiyo fedha haielezi jambo hili. Ukubwa nao hauelezi: Jacksonville ilihesabiwa watu karibu 950,000 katika sensa ya 2020, wengi kuliko San Francisco.

Ninaposema mtu ni mliberali nina maana ya Wamarekani wenyewe: anayetaka serikali itoze kodi zaidi ili isaidie watu zaidi, anayeunga mkono vyama vya wafanyakazi, haki ya kutoa mimba, haki za wapenzi wa jinsia moja, udhibiti wa bunduki na ulinzi wa wahamiaji. Leo mambo hayo yamefungwa furushi moja na kupewa chama kimoja. Zamani hayakuwa hivyo, na usipojua yalivyofungwa pamoja hutaielewa ramani ya leo. San Francisco yenyewe iliongozwa na mameya wa Republican, chama pinzani cha Democratic, mfululizo kuanzia 1912 hadi mwanzoni mwa 1964. Tangu hapo hakuna meya wa Republican aliyeingia tena.

Kilichotokea kilianzia kwenye reli na viwanda. Miji ya kaskazini ilijaa wafanyakazi waliopanga nyumba karibu na viwanda na bandari, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya. Enzi ya Rais Franklin Roosevelt, sheria ya kazi ya 1935 iliwapa haki ya kujiunga na vyama vya wafanyakazi na kujadiliana na waajiri, nao wakashikamana na chama chake cha Democratic. Sambamba na hilo, kati ya miaka ya 1910 na 1970 Wamarekani Weusi wapatao milioni sita waliondoka majimbo ya kusini kwenda Chicago, Detroit, New York, Oakland na kwingineko. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson wa Democratic alisaini Sheria ya Haki za Kiraia, huku mgombea wa Republican, Barry Goldwater, akiwa ameipinga bungeni. Weusi wakahamia Democratic karibu wote, Wazungu wengi wa kusini wakaanza safari ya kwenda Republican, na baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1973 kuhusu utoaji mimba makanisa ya kiinjili yakaingia siasani kwa nguvu upande huo huo. Furushi likafungwa. Mji uliokuwa wa Democratic kwa ajili ya mishahara ukajikuta pia chama chake ndicho cha haki za wanawake na za wapenzi wa jinsia moja.

Kisha kuna walioondoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani ilidhamini mikopo ya nyumba kwa mamilioni ya familia, lakini mitaa ya Weusi iliwekewa alama za hatari kwenye ramani na kunyimwa mikopo hiyo. Wazungu wakajenga vitongojini, Weusi wakabaki mjini. Detroit ilikuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950. Mwaka 2020 walikuwa 639,000, na zaidi ya robo tatu yao ni Weusi. Jiji linaweza kusogea kushoto bila mkazi hata mmoja kubadili mawazo, kwa sababu tu wenye mawazo mengine wamefungasha na kuvuka mstari wa manispaa.

Mstari huo ndio jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Tunaposema "jiji" tunasema eneo ambalo mtu fulani alilichora. San Francisco ina kilomita za mraba kama 121 tu, imebanwa na bahari pande tatu, na haijawahi kumeza vitongoji vyake. Oklahoma City imejitanua hadi kilomita za mraba takriban 1,600. Ndani yake kuna mashamba na mitaa ya nyumba zenye ua mkubwa ambayo kwingine ingehesabiwa kuwa vitongoji. Jacksonville iliungana na sehemu kubwa ya kaunti yake mwaka 1968, ikawa jiji kubwa kwa eneo kuliko yote ya Marekani ukiacha Alaska. Kwa hiyo unapolinganisha San Francisco na Jacksonville unalinganisha katikati ya jiji moja na jiji zima la pili pamoja na vitongoji vyake.

Kisa cha Indianapolis kinaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1969 Bunge la jimbo la Indiana, likiwa mikononi mwa Republican, lilipitisha sheria ya kuunganisha serikali ya jiji na ya Kaunti ya Marion. Wananchi hawakupigishwa kura ya maoni. Muungano ulianza Januari 1, 1970, meya akiwa Richard Lugar wa Republican, ambaye baadaye alikuwa seneta kwa miaka mingi. Ghafla wakazi wa vitongoji, wengi wao Wazungu wa Republican, wakawa wapigakura wa jiji, na uzito wa kura za Weusi wa katikati ya mji ukapungua. Viongozi wa Weusi walilalamika hivyo hivyo wakati ule, na walikuwa na haki ya kulalamika, hasa kwa kuwa wilaya za shule ziliachwa zimetengana. Watoto hawakuunganishwa, zilizounganishwa ni kura. Republican walishika umeya hadi mwisho wa 1999, huku majiji mengi ya viwanda ya kaskazini yakiwa yameshakwenda Democratic.

Halafu mstari ule ule ukaanza kutoa matokeo mengine. Familia zenye uwezo zikavuka mpaka wa kaunti na kuhamia Kaunti ya Hamilton, upande wa kaskazini. Bart Peterson wa Democratic akaingia umeya mwaka 2000, na mwaka 2008 Barack Obama alipata zaidi ya asilimia 60 ya kura za Kaunti ya Marion. Mpaka wa 1970 ulizuia mabadiliko kwa kizazi kimoja, kisha watu wakauzunguka.

Sasa San Francisco, kwa sababu kila mtu huitaja na wachache hueleza ilifikaje huko. Mwaka 1934 makuli wa bandari waligoma, polisi wakaua watu wawili mwezi Julai, na jiji zima likasimama kazi kwa siku nne. Kiongozi wa mgomo, Harry Bridges, mzaliwa wa Australia, alijenga chama ambacho kilipata sauti kubwa katika kugawa kazi bandarini, mahali ambapo awali msimamizi ndiye aliyechagua nani ale leo na nani alale njaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili bandari hiyo ilikuwa mlango wa kwenda Pasifiki. Wanajeshi waliofukuzwa jeshini kwa kupenda watu wa jinsia yao waliachiwa hapo, na wengi waliona aibu kurudi kwao, wakabaki. Familia za Kiayalandi zilipohamia vitongojini, nyumba za mtaa wa Castro zikawa rahisi, nao wapenzi wa jinsia moja wakazichukua. Bado hawakuwa na nguvu serikalini mpaka kanuni ya uchaguzi ilipobadilika: mwaka 1977 wajumbe wa baraza walichaguliwa kwa kata badala ya jiji zima kwa pamoja, na Castro ikamchagua Harvey Milk, mmoja wao. Novemba 1978 aliuawa kwa risasi ofisini, yeye na Meya George Moscone, na muuaji alikuwa mjumbe wa zamani wa baraza hilo hilo. Mgomo, vita, nyumba zilizoachwa, na kanuni ya uchaguzi: ondoa kimoja, na sidhani jiji lile lingefika lilipo.

Tangu miaka ya 1990 watu pia wamekuwa wakijitenga wenyewe kwa kuchagua pa kuishi. Colorado inatoa mfano mzuri, maana Boulder na Colorado Springs ziko jimbo moja, chini ya milima ile ile, mwendo wa kilomita kama 150. Boulder ilipata chuo kikuu mwaka 1877, kisha maabara za serikali za kupima hali ya hewa na vipimo vya kisayansi. Mwaka 1967 wakazi wake walipiga kura kujitoza kodi ili wanunue ardhi isijengwe, na mwaka 1975 karani wa kaunti, Clela Rorex, alitoa vyeti vya ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja, jambo ambalo wakati ule lilikuwa nadra sana. Colorado Springs ilipata kambi ya jeshi ya Fort Carson, makao ya ulinzi wa anga na chuo cha maofisa wa Jeshi la Anga. Wakuu wake walipotaka kuinua uchumi waliyakaribisha mashirika ya Kikristo, na mwaka 1991 shirika kubwa la Focus on the Family likahama kutoka California. Mwaka uliofuata kundi lenye makao hapo liliongoza kampeni ya kubadili katiba ya jimbo ili sheria zisiwalinde wapenzi wa jinsia moja. Wapigakura walikubali, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta mwaka 1996. Mwaka 2020 Kaunti ya Boulder ilimpa Biden zaidi ya robo tatu ya kura, nayo ya Colorado Springs ikamchagua Trump. Kijana akimaliza shule leo anajua miji hiyo inasifika kwa nini, na anahamia anakojiona nyumbani. Kila anayehama anaizidishia sifa hiyo. Hata hivyo, mwaka 2023 Colorado Springs ilimchagua Yemi Mobolade, mzaliwa wa Nigeria asiye na chama, kuwa meya. Jeshi na makanisa vimebaki. Waliohamia ni wengi na si wote wamekuja kwa ajili ya hivyo viwili.

Nije kwa ndugu zako. Umegusa jambo zuri uliposema majiji yote mawili yanatengeneza ndege, maana inaonyesha kwamba kiwanda peke yake hakiamui. Sheria inayokizunguka nayo ina neno. Boeing ilianzishwa Seattle mwaka 1916, katika jiji ambalo mwaka 1919 wafanyakazi wapatao 65,000 waligoma kwa pamoja. Mafundi wa Boeing waliunda chama chenye nguvu, na sheria za jimbo la Washington huruhusu mkataba unaomtaka kila mfanyakazi anayenufaika na chama akichangie. Fort Worth ilitengeneza ndege za mabomu za B-24 wakati wa vita na leo inatengeneza ndege za kivita za F-35. Chama cha mafundi kipo huko pia, lakini tangu 1947 sheria ya Texas inakataza kumlazimisha yeyote kuchangia, na chama kisicho na mfuko mnene hakina nguvu ya kufundisha siasa mtaani. Nafasi hiyo katika Fort Worth imejazwa na kanisa: hapo ndipo ilipo moja ya seminari kubwa za Wabaptisti wa Kusini. Seattle iko katika eneo ambalo kwenda kanisani ni desturi ya watu wachache kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya nchi.

Elimu imeongeza pengo. Kizazi kimoja nyuma, Wazungu wenye shahada waliegemea Republican. Tangu miaka ya 1990 wamegeuka polepole, na mwaka 2016 wakageuka kwa kasi. Seattle ina chuo kikuu kikubwa katikati yake, Microsoft pembeni na Amazon ndani, na zaidi ya asilimia 60 ya watu wazima wake wana shahada. Nchi nzima ni kama mtu mmoja kati ya watatu. Angalia pia nafasi: katika sensa ya 2020 Seattle ilikuwa na watu 737,000 kwenye kilomita za mraba kama 217, Fort Worth ilikuwa na watu 919,000 kwenye takriban 900. Dada yako bila shaka amezungukwa na wapangaji. Mjomba amezungukwa na wenye nyumba, na mwenye nyumba Texas hulipa kodi kubwa ya mali kila mwaka, kwa hiyo mgombea anayeahidi huduma mpya humsikiliza akiwa ameshika bili mkononi.

Usidhani kwamba wahamiaji huvuta jiji kushoto kila mara. Ni kweli Minneapolis ilimpeleka bungeni Ilhan Omar mwaka 2018, Msomali aliyekaa miaka minne katika kambi ya wakimbizi Kenya, na New York mwezi Novemba 2025 ilimchagua Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, kuwa meya. Lakini Mamdani alishinda zaidi kwa ahadi ya kuzuia kodi za nyumba zisipande, katika jiji ambalo karibu theluthi mbili ya kaya zinapanga. Na miaka minne kabla, wapigakura wa Democratic wa New York hao hao walimteua Eric Adams, kapteni wa zamani wa polisi, akibebwa na Weusi na Walatino wa Bronx, Queens na Brooklyn waliotaka usalama, wakati wasomi wa Manhattan walitaka wengine. Kura za Democratic na uliberali ni vitu viwili tofauti. Tazama na Miami: Wakuba waliomkimbia Fidel Castro tangu 1959 hawataki kusikia neno ujamaa, na waliowafuata kutoka Venezuela na Nikaragua wana machungu yao. Kaunti ya Miami-Dade ilimpa Hillary Clinton asilimia 63 mwaka 2016, Biden 53 mwaka 2020, na mwaka 2024 ikamchagua Trump, Republican wa kwanza kuishinda tangu 1988.

Tena, uliberali wa kura ya rais hauendi sawa na wa mtaani. San Francisco kwa miaka mingi imeweka vizuizi vingi vya kujenga maghorofa, na wanaovitetea ni watu wenye mabango ya kuwakaribisha wahamiaji mlangoni. Matokeo yake mwalimu na muuguzi hawawezi kupanga jiji wanalolihudumia. Mwaka 2022 wapigakura wake waliwaondoa wajumbe watatu wa bodi ya shule na mwendesha mashtaka wa jiji, Chesa Boudin, kwa kuona wamekwenda mbali mno. Minneapolis, ambayo haisifiwi sana, mwaka 2018 iliamua kuondoa kanuni ya nyumba moja kwa kiwanja kimoja jijini kote. Kwangu mimi huo ndio uliberali uliogharimu kitu.

Kuhusu Fort Worth, wala haijatulia. Kaunti yake, Tarrant, ilimpa Mitt Romney asilimia 57 mwaka 2012. Mwaka 2020 Biden aliishinda kwa kura zisizofika 2,000, kisha Trump akairudisha mwaka 2024 kwa karibu asilimia 52. Kwa sehemu kubwa, mitaa iliyo ndani ya barabara ya mzunguko namba 820 inaelekea Democratic, nayo mitaa mipya ya pembezoni inaelekea Republican, na hiyo ya pembezoni inakua haraka. Wanasiasa wa huko wanaijua hesabu hii: Juni 2025 baraza la kaunti, kwa kura 3 dhidi ya 2, lilichora upya kanda zake katikati ya muongo, bila kungoja sensa ya 2030, ili Republican wapate kiti cha ziada. Mwambie mjomba wako aitafute ramani hiyo aone amewekwa kanda gani, kwa kuwa inawezekana jirani yake wa ng'ambo ya barabara sasa anapiga kura ya diwani tofauti na yeye.